Sumu ya Taa na Sumu ya Uyoga

Watu wakitaka kunichokoza huniuliza kipi kibaya zaidi, taa au uyoga. Wanauliza huku wanacheka, mguu mmoja umeshageuka kukimbia, maana wanajua kisu hakinitoki mkononi kutwa na subira sikupewa. Nitajibu mara moja tu, halafu asiniulize mtu tena.

Mimi ni binti wa watu wa taa. Taa samaki, yule bapa kama sinia anayejifukia mchangani, mwenye mkia kama mjeledi, na kwenye mkia mwiba wenye meno kama ya msumeno. Baba yangu aliwakata miaka yote katika soko la samaki la jumla, meza ya mwisho, karibu na mlango wa chumba cha baridi. Kaka yangu aliwakata. Mimi nawakata mpaka leo. Kabla hujagusa kitu kingine unakata mwiba na kuutupa kwenye kopo la chuma, kwa sababu taa akishakufa mwiba wake bado una kazi. Na kabla hata ya hapo unaweka birika la maji kwenye jiko. Birika lile si la chai, ni la atakayechomwa. Sumu ya taa haipatani na moto. Ukitumbukiza mkono kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, utalia, utatukana ukoo mzima na majirani zao, lakini maumivu yatapungua, yatapungua, mpaka yaishe. Yakiisha, yameisha. Unafunga kitambaa unarudi mezani.

Ndivyo tulivyolelewa, na nyumbani hata ugomvi ulikwenda hivyohivyo. Baba akichukia, sahani zinaruka, baadaye anakuita anakumenyea chungwa. Kaka yangu, ambaye soko zima lilimwita Shoka, ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Atakupiga, utampiga, mtapeana maneno ya kuchubua ngozi, kesho mnakunywa chai meza moja na hakuna anayekumbuka. Sisemi ni vizuri. Nasema tulikuwa hivyo na tulipendana.

Kisha nikaolewa na mtu wa uyoga.

Mume wangu walimwita Kimya, na jina lilimkaa. Yeye na mama yake walikuwa wakiokota uyoga kwenye msitu wa misonobari juu ya mji na kuuza hotelini. Nilimpenda kwa sababu hapigi kelele. Baada ya maisha ya nyumbani kwetu, mtu anayeweka kikombe mezani bila kukigongesha nilimwona malaika. Alikaa sebuleni na brashi yake ndogo, anasafisha uyoga mmoja mmoja kama anamfuta mtoto uso. Mama yake alimfundisha tangu hajaota meno ya pili, na alikuwa anaweza kufumba macho, akanusa, akakuambia huu unalika na huu hauliki. Hakuwahi kukosea. Hilo nililisema kwa majivuno kila nilipopata nafasi.

Mara ya kwanza alipokuja kula nyumbani, Shoka alimkalia kooni. Akapandisha suruali akamwonyesha kovu la mguuni, shimo ambalo kidole kingeweza kulala ndani.

"Huyu taa aliniambia ukweli palepale," alisema. "Nilimkanyaga, akanichoma, tukamalizana. Sasa hiyo sumu yenu ya uyoga ina nini cha kujivunia?"

"Haina," alisema Kimya. "Uyoga hausemi kitu. Unakula, unasifu, unalala."

"Kisha?"

"Kisha basi."

Shoka alicheka mpaka akapaliwa. Alisema hiyo si sumu, ni mvivu aliyepata ajira. Sote tukavunjika mbavu, na Kimya akatabasamu akaendelea kula. Hakueleza zaidi, na sisi hatukuuliza.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye chumba cha baridi. Kimya alikuwa akiweka kreti zake za uyoga humo, upande wa kulia, nasi tunaweka taa kushoto. Nyama ya taa ikikaa hunuka mkojo, kila mtu sokoni anajua, na asubuhi moja Shoka akawajaza taa pande zote kwa sababu ya uvivu tu. Hoteli ikarudisha mzigo mzima wa uyoga. Kimya akaja nao kifuani mpaka mbele ya meza yetu.

"Shemeji, tulikubaliana taa wakae upande ule," alisema.

"Basi kalale na uyoga wako hotelini," Shoka akamjibu bila kuinua macho. Wabeba mizigo wakacheka. Shoka akisikia watu wanacheka hakosi kuongeza; akaichukua kreti, akaimwaga sakafuni, akaanza kuukanyaga ule uyoga kwa buti zake, polepole, huku anamwangalia mwenzake usoni.

Kimya alisogea karibu. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa pale nikasikia. "Ukiondolewa mikono hiyo, shemeji, hubaki na kitu."

Nilijua imeharibika. Shoka alimkamata kisogo akamzamisha uso kwenye kreti la barafu, juu ya taa mkubwa aliyekuwa ameshushwa muda uleule. "Mbusu," alisema. "Mwombe radhi kwa harufu yake." Akamwinua, akamzamisha tena, na tena. Pua ya mume wangu ilipasuka, barafu ikawa nyekundu, na wale wanaume wote wazima wamesimama wanatazama kama mechi. Damu ikanichemka. Nikarukia mgongo wa kaka yangu, nikamng'ata sikio. Akarusha kiwiko nyuma bila kuangalia, kikanipata mdomoni. Nikasikia jino linavunjika, na sauti yake nadhani nitaendelea kuisikia mpaka kaburini.

Yule taa alikuwa hajafa. Mkia ulichapa mara moja, mwiba ukaingia kwenye mkono wa Shoka, kati ya mifupa miwili ya chini ya kiwiko, ukabaki humo. Shoka alitoa mlio ambao sikujua mtu mwenye kifua kile anaweza kuutoa. Baba akaja na koleo, akamkalia juu ya mkono, akauvuta mwiba. Kwa vile meno yake yameelekea nyuma, ulitoka na nyama. Birika likaletwa, ndoo ikajazwa, mkono ukazamishwa, na Shoka akauma mkanda wake wa ngozi huku anapigapiga visigino sakafuni mpaka buti moja ikachomoka.

Tulipokuwa tunaosha meza, maumivu yalikuwa yamekwisha. Shoka akainuka, uso umemtulia, akaenda pale Kimya alipokuwa ameketi juu ya kreti tupu na kitambaa puani. Akamkumbatia kwa mkono mzima. "Nimepata changu, na wewe umepata chako," alisema. "Yameisha, shemeji."

Kimya alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na jino langu kiganjani, kanga imelowa damu kifuani.

"Yameisha," akasema.

Asubuhi yake nilimpelekea kaka yangu chai kama kawaida, maana asingeweza kushika birika. Kimya aliniona nikitoka na chupa. Akarudi kwenye brashi yake.

Wiki iliyofuata Kimya akasema anataka kutupikia nyumbani kwa baba, mwenyewe, kwa mkono wake, ili watu wale pamoja kinyongo kiishe. Nilifurahi jamani, siwezi kuficha. Nilimsifu njia nzima. Akakaanga samaki kwenye sufuria moja, akapika uyoga kwa vitunguu na mafuta kwenye nyingine, na harufu ikajaa mpaka barabarani. Mimi mdomo ulikuwa bado umevimba, nikanywa uji. Baba hajawahi kula kitu kisicho na mifupa wala mbegu, hilo linajulikana, akala samaki wake. Kimya alijipakulia uyoga kidogo akawa anaugeuzageuza kwenye sahani. Shoka ndiye aliyekula. Alifuta sufuria kwa mkate, akajilamba vidole, akasema kama sumu yenyewe ni tamu hivi basi wamletee nyingine.

"Umeupenda?" Kimya alimuuliza.

"Sijala kitu kitamu hivi tangu nizaliwe."

Kesho yake tumbo likamkamata. Sijaona mtu anatapika namna ile. Alitapika chakula, akatapika maji, akatapika nyongo, na huku chini nako kumefunguka, mpaka aibu ikamwisha akawa anatambaa uani kwa mikono na magoti. Misuli ya miguu ilijikunja kama kamba. Baba alimkalia kuinyoosha, akapigwa teke la kifua akaanguka juu ya ndoo. Tukamwekea vitambaa vya maji ya moto tumboni. Zahanati wakatupa maji ya chumvi na sukari, wakasema ni chakula kilichochacha, kuna watu wengi hivyo msimu huu. Shoka alilia akimwita mama, na mama alikwisha kufa zamani.

Kisha ikaacha. Hivi hivi, kama mtu amefunga bomba. Alilala, akaamka, akaomba chai, akaomba na mkate. Siku iliyofuata alikuja sokoni kwa miguu yake, akabeba kreti la barafu begani, akazunguka nalo meza zote kama mtu aliyeshinda kombe. Wabeba mizigo wakampigia makofi. "Mmeona?" akawa anasema. "Hata sumu ya kina shemeji imeshindwa nami." Baba alikuwa na machozi. Kwetu maumivu yakiisha, yameisha. Tulijua hivyo kama tunavyojua jua litachomoza. Nani angetuambia vingine?

Kimya alipita mchana kumwona. "Unajisikiaje, shemeji?"

"Kama chuma."

"Unakula?"

"Nakula mpaka sahani."

"Vizuri," alisema Kimya, akaondoka. Alipofika kona nilimsikia anapiga mluzi. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akipiga mluzi, na nikafurahi tena, mimi mpumbavu, nikasema mume wangu sasa ana raha.

Mama mkwe aliteremka kutoka msituni kesho yake, na kreti zake mbili za kuweka kwenye chumba cha baridi. Nilimpa kiti, nikamsimulia yote huku nakata taa, nikitia chumvi pale kaka yangu alipotambaa uani ili apate kucheka. Hakucheka.

"Alianza kutapika saa ngapi baada ya kula?" aliuliza.

"Hata si siku ile. Kesho yake."

"Kisha akapona ghafla?"

"Ghafla, mama. Huyo hapo, anapakia barafu."

Mama mkwe aliweka kreti chini. Ilimponyoka, kusema kweli, uyoga ukabiringika kwenye maji ya samaki na hakuuangalia. Akanishika kifundo cha mkono wenye kisu, bila kukijali.

"Mwanangu, nisikilize. Kuna uyoga mweupe unaota chini ya misonobari. Sisi tukiuona tunauponda kwa kisigino. Huo hauumi unapoingia. Unaumiza, unaacha, mtu anasema nimepona, na kumbe wakati huohuo unakula ini. Mtu akianza kucheka ndiyo anakufa. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje hata kunawa."

Nilitazama kaka yangu. Alikuwa anainua kreti, anawatania wabeba mizigo, na jua la mlangoni likampiga usoni. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano.

Nilimwambia baba kwa maneno machache. Nikamwambia Shoka. Akasema nisimtie mkosi.

"Nimepona. Wewe ni binti wa nani? Umeshaona mtu amepona anapelekwa hospitali?"

"Macho yako ni ya manjano."

"Na meno yako hayapo. Nani kati yetu mgonjwa?"

Watu wakacheka. Nikamshika mkono nikamvuta, akanisukuma nikagonga meza. Nikarudi, akanizaba kofi. Basi nikaokota ile nyundo ya mti tunayopondea barafu nikampiga nayo nyuma ya goti, kwa nguvu zangu zote, na aliposhuka chini baba akamtupia kamba ya kuvutia makreti. Tulipambana naye sakafuni, kwenye maji na magamba na utumbo wa samaki, baba mzee yule, mimi na wabeba mizigo wawili walioacha kucheka. Aliniuma bega. Alimpasua mbeba mzigo mdomo. Nilikaa juu ya kifua chake namfunga mikono, nalia, namtukana, namwambia nakupenda mjinga wewe. Tukampakia kwenye mkokoteni wa barafu, amefungwa kama mbuzi, tukamsukuma mpaka hospitali ya mji.

Tulipofika alikuwa ameacha kupigana. Hilo ndilo lililonitisha.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu ya usingizi. Alimbonyeza Shoka ubavuni, Shoka akanung'unika. Akamtoa damu. Baadaye akatuita pembeni akatueleza bila kuzunguka. Ini lilikuwa limeanza kufa. Kama ni ule uyoga, kuna dawa katika hospitali kubwa, safari ya nusu siku, na kila saa ina maana. Kama ni homa ya ini ya kawaida, safari itamchosha bure, na gari la wagonjwa ni moja na kuna mama mwenye mimba pacha analisubiri.

"Siwezi kulitoa kwa kubahatisha," alisema. "Niambieni kwa hakika alikula nini. Nani aliyeokota?"

Kimya alikuwa amefika, amevaa shati safi. "Mimi," alisema. "Ni uyoga uleule tunaouza kila siku. Na mimi niliula, ona, nipo."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mwambie daktari ulichoniambia."

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, na niliona linavyomwingia: kwamba mtoto wake hajawahi kukosea, na kwa hiyo hakukosea. "Mimi mzee," alisema. "Labda nimechanganya mambo. Mwanangu anajua kuliko mimi." Kisha akajifunika uso kwa mtandio.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Lakini kaka yangu alikuwa nyuma ya pazia lile anazidi kuwa wa manjano, na mtu mmoja tu ndiye mwenye neno la kumtoa pale. Nilimwomba. Nilimwambia Kimya tutoke nje, nikapiga magoti kwenye kokoto za hospitali, nikamwambia sema hata kama ni bahati mbaya, sema ulikosea, sitakuuliza tena maisha yangu yote.

"Mimi sijawahi kukosea uyoga," alisema. Akaninyanyua taratibu, akanipangusa vumbi magotini. "Twende nyumbani, una kazi nyingi. Nitakuwekea maji ya kuoga."

Nikamwambia atangulie.

Nilikimbia mpaka sokoni. Kwenye meza yetu palikuwa na taa wa asubuhi, mzima, hajakatwa. Nikakata mwiba na kipande cha mkia, nikauacha na ute wake, nikaufunga kwenye gunia. Nilikuwa nimetulia kabisa. Watu wananiambia nilichanganyikiwa, hapana, sijawahi kuwa na akili timamu kama siku ile.

Kimya alikuwa mezani na brashi yake. Birika lilikuwa kwenye jiko, maji ya kuoga kama alivyoahidi, yameanza kutoa mvuke. Mkono wake wa kushoto umelala juu ya meza, umeshika uyoga. Nilifungua gunia nikaukita ule mwiba kwenye mgongo wa mkono, mpaka ukafika kwenye mbao.

Alinyamaza. Nakuapia, alinyamaza. Alinitazama kwa mshangao, kama nimemmwagia chai kwenye shati. Halafu sumu ikaanza kupanda. Niliona mishipa ya shingo inasimama, jasho linamtoka kwenye nyusi, mkono mwingine unapapasa kuuchomoa ule mwiba, na meno ya mwiba yanamshika nyama kila akivuta. Akaanguka na kiti. Meza ikaanguka, uyoga ukamwagikia juu yake. Akauchomoa hatimaye, ukatoka na ngozi, akaanza kutambaa kuelekea jiko, maana ameishi na sisi vya kutosha, anajua dawa iko wapi.

Nilisimama kati yake na birika.

"Sema," nilimwambia.

Alinishika mguu. Nikamkanyaga ule mkono. Hapo ndipo mume wangu alipopiga kelele, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kelele ya kupasua bati. Mshona nguo wa mlango wa pili akaja mbio na futi yake shingoni, na nyuma yake wateja, wakajaa mlangoni.

"Maji," alilia Kimya. "Maji, mke wangu, nakufa."

"Hufi. Sema."

"Mweupe," akasema. Kisha akapayuka, sauti imempasuka, mate yanamtoka. "Nilimpa ule mweupe. Nilijua. Sikula hata mmoja. Nilijua mtafurahi akipata nafuu, nyie watu, mtafurahi mtasahau, ndivyo mlivyo. Alikuvunja jino na kesho yake ukampelekea chai. Nani angekulipia? Nani?"

Mshona nguo alisikia. Wote walisikia. Nikamtuma mshona nguo akimbilie hospitali na maneno yale yale, kabla hayajapoa, naye akatimua mbio akiwa bado na pini mdomoni. Kisha nikamwaga maji kwenye beseni, nikapoza kidogo, nikapima kwa kiwiko kama nilivyofundishwa, nikautumbukiza mkono wa mume wangu humo. Niliushikilia mpaka akaacha kutetemeka. Machozi yangu yalidondokea kwenye maji yale, nami sikujua namlilia nani.

Gari lilitoka. Daktari mwenyewe alipanda, na yule mama mwenye mimba, Mungu ambariki, alisema nitangojea. Mimi nilikaa kwenye kibao kando ya machela. Shoka alikuwa amefumba macho, mikono ile mikubwa imelegea, na ubavuni amebonyea kama ndoo iliyokanyagwa. Karibu na mwisho wa safari akanitambua.

"Dada," alisema. "Inauma tena."

"Najua."

"Niwekee maji ya moto."

Nilimwomba dereva chupa yake ya chai. Nikalowesha ncha ya kanga, nikamwekea ubavuni, nikamwambia ndiyo, tulia, inapungua sasa hivi. Akasema kweli inapungua. Ni uongo, tulikuwa tunadanganyana wote wawili. Tulipofika hospitali kubwa wakaanza kumfungia mirija, wakafanya kila kitu, na daktari wa pale akaniambia laiti angeletwa siku ile aliyopata nafuu. Siku ile ya kreti la barafu. Siku ile tulimpigia makofi.

Kaka yangu alikufa asubuhi iliyofuata. Baba alitaka kwenda na shoka polisi walikomfungia Kimya, tukamfungia chumbani, akavunja mlango, tukamfungia tena.

Mimi mwenyewe nilikwenda baadaye, kupeleka nguo zake, kwa sababu ni mume wangu na hakuna mwingine wa kumpelekea. Mama yake amerudi msituni na haji tena mjini. Tuliketi tukitazamana, meza katikati. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa safi. Aliufungua, akaunyoosha mbele yangu, akawa anakunja vidole kimoja kimoja ili niviangalie. Alikuwa ananiomba kitu, na alikuwa anakiomba kwa namna ya kwetu, si ya kwao.

"Umeacha kuuma," alisema.

"Lazima uache," nilimwambia. "Wewe ulichomwa na taa."